TRAKTA IKIKWAMA KATIKA POTOPOTO: USIUZE MAISHA YAKO JUU YA HARAKA



Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukifika, mambo ni yale yale. Mawingu yanakusanyika upande wa Kipushi, radi inanguruma, na jioni mvua kubwa inaanguka juu ya Lubumbashi. Kesho yake kila mtu anatafuta jembe lake. Mji wetu unapata mvua ya milimita 1200 hivi kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya Novemba na Machi. Ni mvua hiyo inayotupa bukari mezani. Lakini ni mvua hiyo hiyo inayogeuza njia na mashamba kuwa potopoto, na katika potopoto mashini zinakwama.

Labda msomaji atauliza: juu ya nini ukurasa wa usalama wa watu wa mugodi unasema habari za trakta? Sisi kazi yetu si shaba na kobalti?

Jibu ni rahisi. Mtu wa mugodi katika Katanga hakuishi siku zote kwa mugodi peke yake. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa na mashamba yake makubwa ya mahindi kwa kulisha wafanyakazi. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na jamaa nyingi ziligeukia udongo ili kuishi. Mwaka 2008 hivi serikali ya jimbo la Katanga ilidai makampuni ya mugodi yalime kila moja hektari 500, kwa sababu mahindi mengi ya mji wetu yanatoka Zambia, na mpaka ukifungwa bei ya unga inapanda mara moja. Basi trakta ni mashini yetu pia. Na mambo tutakayosema hapa yanafaa vilevile kwa kamioni iliyozama katika njia ya Kasenga, na kwa motokari ya jirani iliyokwama nyuma ya nyumba.

Tuseme wazi tangu mwanzo: trakta iliyokwama haiui mtu. Inakaa pale kimya. Mtu anakufa katika dakika za kuitoa, wakati watu wamechoka, wamekasirika, mvua iko njiani, na mmoja anasema: "Vuta kwa nguvu, itatoka tu!"

INAKWAMA MAHALI GANI?

Udongo wetu si wa namna moja. Juu ya vilima udongo ni mwekundu. Mvua ikinyesha unateleza, lakini chini yake kwa kawaida pana ugumu. Hatari kubwa iko katika dembo, yaani yale mabonde mapana yenye majani na bila miti, ambapo maji ya vilima yanashuka na kulala. Pale udongo ni mweusi au wa majivu, ni mzito, nao unashika kama gundi. Juu unaweza kuonekana mkavu, na chini ni uji.

Dereva mwenye akili anatazama alama hizi kabla ya kuingia:

Majani ni mabichi sana mahali pamoja, hali pengine yamekauka. Chini pana maji.

Hakuna miti, wala hakuna kichuguu kikubwa. Miti mikubwa na mchwa hawapendi mahali panapolala maji.

Ukikanyaga kwa kisigino, shimo linajaa maji. Basi trakta haina kazi pale leo.

Shuka, tembea kwa miguu, chukua fimbo na kuichoma katika udongo. Kama fimbo inaingia bila nguvu mpaka kiasi cha mkono, gurudumu nalo litaingia. Dakika tano za kutembea zinaokoa siku nzima ya kuchimba.

JUU YA NINI MAGURUDUMU YANAZAMA?

Gurudumu la trakta lina meno makubwa. Meno haya yanashika udongo na kuusukuma nyuma. Hivyo trakta inaenda mbele. Lakini potopoto ikijaa kati ya meno, gurudumu linakuwa laini kama mtungi. Linazunguka bila kushika. Tangu dakika hiyo si gurudumu tena: ni mashini ya kuchimba shimo. Kila mzunguko unatoa udongo chini yake na kuishusha trakta.

Tumbo la trakta likifika juu ya udongo, shida inaongezeka. Uzito haukai tena juu ya magurudumu, unalala juu ya tumbo. Na potopoto inanyonya. Umepata kuvua buti lililozama katika matope? Mguu unatoka, buti linabaki, kwa sababu hewa haiwezi kuingia chini yake. Ndivyo matope yanavyoshika trakta pia. Kumbuka neno hili, maana litatusaidia mbele: kabla ya kuvuta, lazima hewa na maji vipate njia.

DAKIKA YA KWANZA

Magurudumu yakianza kuzunguka bure, ondoa mguu juu ya mazutu. Usijaribu mara ya pili wala ya tatu. Wengi wanapoteza trakta yao hapa: dakika ya kwanza ilikuwa imezama kiasi cha kiganja, na baada ya hasira ya dereva imezama mpaka tumboni.

Simamisha, vuta freni, na shusha plau au mashini yoyote iliyo nyuma mpaka ikae chini. Zima injini. Shuka, tazama pande zote, kisha fuata mpango huu:

1. Fungua remoroki. Fungua plau kama unaweza. Trakta inatoka kwanza, mizigo inavutwa baadaye kwa mnyororo mrefu.

2. Chimba. Toa potopoto mbele na nyuma ya kila gurudumu, si la nyuma tu. Tengeneza mteremko, si ukuta: gurudumu lipande polepole kama mtu anayepanda njia, lisipande kama mtu anayepanda ngazi. Toa na udongo ulio chini ya tumbo, kwa jembe lenye mpini mrefu. Usiingize kichwa wala mkono chini ya trakta iliyozama, maana inaweza kushuka tena bila kutoa sauti.

3. Chimba mfereji mdogo ili maji yaliyo ndani ya shimo yaondoke. Mfereji huo unaleta hewa pia, na mnyonyo unapungua.

4. Safisha meno ya magurudumu kwa kijiti, injini ikiwa imezimwa.

5. Weka kitu cha kushika katika mteremko: mawe, matawi yaliyolazwa kwa kukingama, mbao nzito. Usitie udongo wa kichuguu. Ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali, lakini ni mfinyanzi. Ukilowa unateleza kuliko sabuni.

6. Jaribu kutoka kwa kurudi nyuma. Njia uliyoingia nayo unaijua, na ya mbele huijui. Tena, kurudi nyuma kuna faida nyingine ya usalama ambayo tutaieleza.

7. Kama trakta yako ina kifungo cha difarensieli, kifunge wakati magurudumu yamesimama. Magurudumu mawili yatazunguka pamoja. Usikate kona kabla ya kukifungua.

8. Tumia vitesi ndogo, achia ambreyaji polepole, mazutu kidogo. Watu wote wasimame mbali, na hasa mtu asisimame nyuma ya magurudumu. Ubao au jiwe linalorushwa na gurudumu linavunja mguu.

Mara nyingi, trakta iliyosimamishwa mapema inatoka hapa, bila msaada wa mashini nyingine.

MTEGO WA KIFO: MTI ULIOFUNGWA JUU YA GURUDUMU

Sasa, ndugu, soma sehemu hii mara mbili, na msomee mwenzako asiyejua kusoma.

Kuna desturi inayojulikana katika mashamba mengi ya dunia. Trakta ikikwama, watu wanakata mti mnene, wanaufunga kwa mnyororo mbele ya magurudumu mawili ya nyuma, na dereva anaenda mbele. Wanafikiri: gurudumu likizunguka, mti utaingia chini na trakta itapanda juu yake. Pengine inafanikiwa. Pengine inaua, na dereva hapati nafasi hata ya kulia.

Sababu ni hii. Injini inazungusha akseli ya nyuma. Kwa kawaida magurudumu yanazunguka na trakta inaenda. Lakini mti ukikwama, magurudumu hayawezi kuzunguka tena. Nguvu ya injini lakini haikukwisha: lazima izungushe kitu. Basi badala ya kuzungusha magurudumu, inazungusha trakta yenyewe. Pua inapanda juu, mwili mzima unageuka kuzunguka akseli, na trakta inamwangukia dereva kwa nyuma.

Inachukua muda gani? Chini ya sekunde moja trakta imefika mahali ambapo haiwezi kurudi tena. Chini ya sekunde mbili imelala juu ya mtu. Hesabu: moja, mbili. Kabla mguu wako haujafika kwenye ambreyaji, mambo yamekwisha. Hapana dereva hodari kuliko sekunde moja. Mwenye miaka ishirini ya kazi anakufa sawasawa na mwanafunzi.

Hatari hiyo hiyo ipo bila mti wowote, kama magurudumu ya nyuma yameshikwa kabisa na potopoto ngumu, na dereva anaachia ambreyaji kwa ghafula akiwa katika vitesi ya mbele. Ndiyo sababu tulisema: toka kwa kurudi nyuma. Ukirudi nyuma, nguvu ya injini inakandamiza pua chini, haiiinui.

Basi sheria ni moja: USIFUNGE MTI, WALA MNYORORO, WALA KITU CHOCHOTE JUU YA MAGURUDUMU YA NYUMA ILI TRAKTA IPANDE.

Trakta nyingi za siku hizi zina nguzo za chuma juu ya kiti, au kibanda kigumu, ili ikipinduka dereva asisagwe. Inchi ya Uswidi iliamuru tangu mwaka 1959 kila trakta mpya iwe na ulinzi huo, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Kama trakta yako ina nguzo hizo, usizikate ili kupita chini ya miti, na funga mkanda wa kiti. Kama haina nguzo, usifunge mkanda.

KUVUTWA NA TRAKTA NYINGINE

Umechimba, umeweka matawi, haikutoka. Umeita trakta ya pili. Hapa watu wengi wanaamini kwamba kazi imekwisha. Hapana, hapa ndipo hatari nyingine inapoanza. Tufanye hesabu kidogo, kama watu wa ufundi.

Watu wanaookoa magari mazito wana kipimo chao. Gari likizama mpaka magurudumu, linahitaji nguvu sawa na uzito wake wote. Likizama mpaka juu ya vifuniko vya magurudumu, linahitaji mara mbili ya uzito wake. Likizama mpaka kibanda cha dereva, mara tatu.

Tuseme trakta yako ina uzito wa tani 4. Imezama magurudumu: inahitaji tani 4 za kuvuta. Imezama mpaka vifuniko: tani 8.

Je, trakta ya pili, ya tani 4 vilevile, inaweza kuvuta kiasi gani? Juu ya udongo wa shamba haivuti zaidi ya nusu ya uzito wake, au zaidi kidogo. Yaani tani 2 hivi.

Unaona sasa? Tani 2 haziwezi kushinda tani 4. Ndiyo maana trakta ya pili inapoanza kuvuta, magurudumu yake yanazunguka bure na yenyewe inaanza kuzama. Na ndipo mtu anasema maneno mabaya: "Rudi nyuma, legeza mnyororo, kisha enda kwa mbio!"

Usikubali. Pigo la ghafula linaleta nguvu kubwa kuliko mnyororo unavyoweza kubeba. Pete moja ikivunjika, au ndoano ikingoka, kipande cha chuma kinaruka kama risasi. Kamba ya nailoni ni mbaya zaidi kwa namna moja: inanyoshwa kama mpira, inaweka nguvu ndani yake, na ikikatika inarudi kwa kasi ikibeba ndoano kwenye ncha yake. Kamba ya chuma ikikatika inapiga kama fimbo, na fimbo hiyo inaweza kukata mguu wa mtu.

Njia nzuri si kuongeza nguvu. Njia nzuri ni kupunguza mzigo. Kuchimba, kutoa maji na kuingiza hewa ndiko kunakoshusha zile tani 4. Jembe linafanya kazi ambayo trakta ya pili haiwezi kuifanya. Kisha mvuteni polepole, kwa sheria hizi:

Trakta inayovuta isimame mahali pagumu. Kama pagumu pako mbali, tumieni mnyororo mrefu. Msiilete karibu nayo ikazama.

Trakta inayovuta ifungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia remoroki, ambacho kiko chini ya akseli. Usifunge kamwe kwenye akseli, wala kwenye mkono wa juu wa plau, wala kwenye nguzo ya kiti. Ukifunga juu, mnyororo unaivuta trakta kwa nyuma nayo inapinduka, sawa na katika ule mtego wa mti.

Trakta iliyokwama ivutwe kwa chuma cha nyuma ikiwa inarudi nyuma, au kwa ndoano ngumu ya mbele iliyoshikwa na mwili wa trakta. Usiifunge kwenye gurudumu la mbele wala kwenye akseli ya mbele.

Tazama mnyororo pete kwa pete. Pete iliyonyooka, iliyopasuka au iliyoliwa na kutu, itupwe. Mnyororo uliofungwa fundo au kuunganishwa kwa boliti ya kuokota haufai.

Weka gunia lenye udongo au koti zito lililolowa katikati ya mnyororo au kamba. Ikikatika, uzito huo unaishusha chini.

Madereva wanyoshe mnyororo polepole mpaka ukaze, wasimame kidogo, kisha ndipo wavute pamoja, bila pigo.

Mtu mmoja tu anatoa ishara, na madereva wote wawili wanamwona. Ishara ya kusimama ni tofauti: anaweza kuitoa mtu yeyote, hata mtoto, nao wasimame mara moja.

Watu wengine wote wasimame mbali, mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Kamba ya mita 20: watu mita 30. Na mtu asivuke juu ya kamba iliyokaza, hata kama amesahau tumbako yake upande wa pili.

TANI MBILI KUWA KARIBU TANI NNE

Kama kampuni ina kapi, yaani gurudumu dogo la chuma lenye mfereji wa kupitishia kamba, kazi inakuwa nyepesi. Funga kapi juu ya trakta iliyokwama. Chukua kamba ya chuma, funga ncha moja chini kabisa ya mti mkubwa ulio hai, pitisha kamba ndani ya kapi, na ncha ya pili ifungwe juu ya trakta inayovuta. Sasa trakta iliyokwama inavutwa na kamba mbili: zile tani 2 zinakuwa karibu tani 4. Trakta inayovuta itatembea mita mbili ili nyingine itoke mita moja. Hiyo ndiyo bei yake, na ni bei ndogo.

Lakini kapi na ndoano yake vinabeba uzito mara mbili, kwa hiyo lazima viwe vya kazi hiyo. Na pembe inayofanywa na kamba ni mahali pa mauti: kapi ikingoka, kamba inafagia pembe nzima. Mtu asisimame ndani yake.

Katika dembo hakuna miti. Basi zika gogo nene katika shimo refu la kimo cha mita moja, likae kwa kukingama na upande mnaovuta, na kamba itoke kwa mfereji wenye mteremko. Gogo lililozikwa vizuri linashika kama mti.

Ndani ya karieri ya mugodi, sheria ni nyingine. Kamioni kubwa ya kubeba mawe ikikwama, dereva haitoi yeye mwenyewe, wala hasaidiwi na rafiki mwenye buldoza. Anasimama, anaita kapita kwa redio, anangoja watu wa kazi hiyo. Uzito ule hausameheki.

KWA AKINA MAMA NA WATOTO

Trakta iliyokwama ni kama sinema ya bure. Watoto wanakimbia kutoka kila nyumba. Mama, ukiwaona, waite warudi. Mtoto hajui kamba itaruka upande gani. Na kusema kweli, mkubwa pia hajui.

Baba akirudi na potopoto mpaka magotini, asikae nayo. Maji yaliyosimama katika mabonde yanaweza kuwa na bilharzia, ambayo inaingia kwa ngozi bila kuuma. Avae mabuti marefu, aoshe miguu kwa maji safi na sabuni, ajipanguse vizuri. Mtu akiona damu katika mkojo au katika choo, aende kwa munganga bila haya: dawa ipo, na inaponya. Na kama potopoto ilitoka katika mugodi au karibu na kiwanda, nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za mtoto, maana udongo ule una vumbi la madini ndani yake.

AJALI IKITOKEA

Trakta imempindukia mtu. Usikimbilie mnyororo. Kwanza zima injini, na mtu asivute sigara, maana mazutu yanamwagika. Pili, tazama uso wake: toa matope puani na mdomoni. Katika potopoto wengine wanakufa kwa kukosa pumzi, si kwa uzito wa chuma. Tatu, zuia trakta kwa magogo isishuke tena, kisha chimba chini ya mtu. Udongo laini uliomzamisha unaweza kumwokoa: mara nyingi kuchimba ni upesi kuliko kuinua. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa safi na usiache. Usimkunje wala kumkalisha, maana mgongo unaweza kuwa umevunjika. Mbebe juu ya ubao. Na mwambie munganga mtu alikaa chini ya trakta dakika ngapi. Habari hiyo ni ya lazima kwa matunzo yake.

BAADA YA KUTOKA

Trakta imetoka, watu wanapiga makofi. Usirudi kulima mara moja. Osha freni na kuzijaribu. Kaza boliti za magurudumu. Tazama mafuta ya akseli: kama yana rangi ya maziwa, maji yameingia, na fundi aiangalie kabla ya kazi. Kisha weka mti au bendera mahali palipozama, ili mwenzako wa kesho asiingie katika shimo lako.

Ndugu wafanyakazi, trakta iliyolala usiku mmoja katika dembo haiharibiki. Kesho yake mvua ikipumzika, watu wakiwa na nguvu mpya, mtaitoa kwa saa moja. Mahindi yanaweza kungoja siku moja. Mkubwa wa kazi atauliza kwa nini mmechelewa. Mjibuni kwamba mlifuata sheria za usalama, naye anajua kwamba jibu hilo ni zuri. Lakini bibi aliyeweka bukari juu ya meza na kuifunika kwa sahani, akasikiliza mlango mpaka usiku, huyo hatuna jibu la kumpa.

Acheni chuma kilale katika potopoto. Ninyi laleni nyumbani.